Ukumbi wetu wa Lamu unameza maneno: je, tuige ule wa Boston?

"Asalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kamati ya ukumbi wa jamii hapa Lamu, pembezoni mwa mji. Ukumbi una urefu wa mita 20, upana mita 12, na dari ya jipsamu iko mita 6 juu. Kuta ni za mawe zilizopigwa plasta ya saruji, sakafu ni ya vigae, viti ni vya plastiki. Tunautumia kwa harusi, mikutano, mashindano ya mashairi na taarab. Shida yetu ni kwamba maneno hayasikiki. Tukifanya mazoezi, tukiwa watu kama 60, ni vurugu tupu, na mpiga ngoma ya dumbak analalamika kwamba kila pigo linamrudia. Siku ya harusi, watu 200 wakijaa, huwa afadhali kidogo. Tumebadilisha spika mara mbili, kila mara kubwa zaidi, na mambo yakazidi. Mpwa wangu anasoma Marekani. Alikwenda Symphony Hall ya Boston akaisikia fidla moja kutoka viti vya nyuma kabisa bila kipaza sauti, akatutumia picha na vipimo. Sasa tumepata michango, na wajumbe wanataka tubomoe ukuta mmoja, tupanue hadi mita 18 waingie watu 300, tuvike kuta mbao, tuchonge na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama zile za masanamu ya Boston (bila masanamu, bila shaka). Wengine wanasema tubandike trei za mayai yaishe. Tufanye lipi?"

Waalaikum salaam, ndugu yangu katibu.

Nianze na ukuta, kwa sababu ukuta ukishabomolewa haurudi. Tafadhali waombe wajumbe wasubiri. Nimeviangalia vipimo vyako, na umbo la ukumbi wenu si baya hata kidogo. Kwa kweli ni umbo lile lile la Boston, dogo tu: sanduku refu, jembamba kiasi, lenye dari iliyoinuka. Mnachotaka kukibomoa ndicho kitu chema mlichonacho.

Ninavyokuelewa, mna shida mbili zilizofungwa fundo moja. Ya kwanza ni kwamba sauti ndani ya ukumbi haifi. Mwimbaji ameshafunga mdomo, lakini neno lake bado linazunguka kutoka ukuta hadi ukuta, na lile linalofuata linalikuta papo hapo. Huo nitauita mvumo. Ya pili ni ya mpiga dumbak: pigo linakwenda, linagota ukuta wa nyuma, linamrudia kana kwamba kuna mwenziwe anayempiga chenga. Huo ndio mwangwi. Watu wengi huziita zote mwangwi, lakini chanzo na dawa zake hazifanani, na spika kubwa si dawa ya hata moja. Ukiongeza nguvu ya spika unaongeza neno na mvumo wake kwa pamoja. Uwiano wa viwili hivyo unabaki pale pale, na kinachobadilika ni maumivu ya masikio tu.

Mpwa wako hakukosea kuushangaa ukumbi ule. Ila wajumbe wakiijua historia yake, nadhani watabadili shauri, maana watu wa Boston nao walianza na wazo kama lenu: kuchukua ukumbi wa wenzao na kuunakili.

Okestra ya Boston iliundwa mwaka 1881 na tajiri mmoja, Henry Lee Higginson. Ilikuwa ikipiga katika ukumbi wa zamani wa mwaka 1852, ambao ulitishiwa na mipango ya barabara. Higginson akawaita wasanifu wa kampuni ya McKim, Mead and White wajenge mwingine. Wakati huo ukumbi uliosifiwa kila mahali ulikuwa Gewandhaus ya Leipzig, Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1884. Ukumbi ule uliingiza watu kama 1,500. Boston ilitaka zaidi ya 2,500. Jibu lililoonekana rahisi likawa: tuchukue ule wa Leipzig, tuukuze.

Hapo ndipo anapoingia Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alikuwa amepewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka, ya kukiponya chumba cha mihadhara cha jumba jipya la sanaa la chuo hicho. Chumba kilikuwa hakifai. Neno moja lilidumu hewani zaidi ya sekunde 5, wanafunzi wakawa wanasikia silabi nyingi zimepandana. Sabine akafanya kazi usiku wa manane, mji ukiwa umelala, na vyombo vyake vilikuwa bomba la kinanda, saa ya kupimia sekunde na sikio lake mwenyewe. Aliazima matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akawa anayaingiza kidogo kidogo, kila mara anapiga bomba, anakata sauti, anahesabu muda hadi masikio yasisikie kitu. Matakia yalipoenea chumba chote, mvumo ulishuka hadi karibu sekunde 1. Asubuhi matakia yalirudishwa mahali pake kabla watu hawajaamka kuyahitaji.

Kutokana na usiku wa namna hiyo, miaka mitatu hivi, akapata kanuni ambayo mpaka leo mimi huitumia kabla sijafungua kifaa chochote. Mvumo hutegemea mambo mawili: ukubwa wa hewa iliyomo chumbani, na jumla ya vitu vinavyonyonya sauti. Hewa nyingi hurefusha mvumo, vinyonyaji vingi huufupisha. Kuhesabu vinyonyaji Sabine alihitaji kipimo, na kipimo alichokichagua kinatufaa sana sisi watu wa pwani, nacho ni dirisha lililo wazi. Sauti ikifika kwenye dirisha wazi inatoka nje, hairudi. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi hunyonya sauti yote, na kitu kingine chochote, kiwe zulia, plasta au mtu aliyekaa, kinaweza kupimwa kwa kuuliza kinafanya kazi ya madirisha mangapi.

Akiwa na kanuni hiyo mkononi, Sabine aliwaambia Higginson na McKim kwamba kuukuza ukumbi wa Leipzig kwa vipimo vyote kungeongeza hewa kupita kiasi, na mvumo ungekuwa mrefu mno. Akashauri warudie uwiano wa ukumbi wao wa zamani: upana usizidi sana, urefu uongezeke, na watu waongezwe kwa roshani mbili badala ya kutanua kuta. Ukumbi ukafunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900, ukiwa wa kwanza duniani uliosanifiwa kwa hesabu ya sayansi ya sauti kabla ya jiwe kuwekwa. Una viti 2,625, upana wa mita 23 hivi, na ukijaa watu mvumo wake ni kama sekunde 1.9. Wakosoaji wengine hawakuuridhia mwanzoni. Leo unatajwa pamoja na Musikverein ya Vienna (1870) na Concertgebouw ya Amsterdam (1888) kati ya kumbi tatu bora za muziki wa okestra. Na ile Gewandhaus iliyokusudiwa kunakiliwa iliangamia katika Vita vya Pili vya Dunia.

Sasa tuichukue kanuni hiyo hadi kwenu. Zidisha 20 kwa 12 kwa 6: hewa yenu ni mita za ujazo 1,440. Vigae, plasta na jipsamu iliyopakwa rangi hunyonya kidogo sana, chini ya sehemu 5 katika 100 za sauti nyingi za kawaida. Nikijumlisha sakafu, kuta na dari, ukumbi wenu mtupu, madirisha yakiwa yamefungwa, una kazi ya madirisha kama 28 tu ya mita moja moja. Kanuni ya Sabine inasema: zidisha hewa kwa 0.16, gawanya kwa idadi ya madirisha. Inakuja kama sekunde 8. Milango, viti na nyufa za hapa na pale zitaishusha kidogo, lakini hiyo ndiyo hali.

Mtu mmoja aliyekaa na nguo zake hufanya kazi ya karibu nusu dirisha. Watu 60 wa mazoezi wanaongeza 30, jumla 58, mvumo sekunde 4. Watu 200 wa harusi wanaongeza 100, jumla 128, mvumo sekunde 1.8. Umeona? Hesabu imekueleza jambo ulilonieleza wewe: mazoezi ni vurugu, harusi ni afadhali. Nguo za watu wenu ndizo matakia ya Sabine.

Wajumbe wataniuliza: kama siku ya harusi tuna 1.8 na Boston wana 1.9, mbona sisi hatusikilizani? Hapa ndipo kosa kubwa la kuiga lilipo, na naomba mnivumilie nilieleze polepole. Mvumo wa karibu sekunde 2 ulitakiwa kwa ajili ya okestra ya watu karibu mia, ambayo nyuzi zake zinataka kuungana na kujaa kama mawimbi. Hakuna anayehitaji kulifahamu neno. Taarab haiko hivyo. Mtu haendi kwenye taarab kusikia udi peke yake. Anakwenda kusikia amesemwa nani, na kwa fumbo gani. Mashairi ndiyo zaidi. Chukua mshororo wa mizani 16, wenye vina vya kati na vya mwisho. Mwimbaji akiuimba kwa mwendo wa kawaida unachukua sekunde 4 hivi au 5. Mvumo ukiwa wa sekunde 4, kina cha kati bado kinalia mshororo unapofunga, na mwanzo wa mshororo wa pili unamwagikia juu ya mwisho wa ule wa kwanza. Mtunzi alihangaika usiku kucha kupata kina, ukumbi unamfutia.

Kwa ukumbi wa ukubwa wenu, wenye kazi ya maneno na muziki pamoja, mimi ningelenga sekunde 1 hadi 1.2 watu wakiwemo. Ni karibu nusu ya Boston. Kwa hiyo hata mngeweza kuuhamisha ukumbi ule mzima kwa jahazi na kuushusha Lamu, usingewafaa.

Kuhusu kupanua. Ukuta ukisogezwa hadi mita 18, hewa inapanda hadi mita za ujazo 2,160, nusu zaidi ya sasa. Siku ya watu 300 mvumo utabaki kama sekunde 1.8, yaani mmetumia michango yote kubaki mlipo. Siku ya mazoezi ya watu 60 utafika sekunde 5. Na kuna hasara nyingine ambayo hesabu ya mvumo haiioneshi. Sikio letu likipokea sauti kutoka mdomoni mwa mwimbaji, na mara tu baadaye likapokea ile iliyogonga ukuta wa ubavuni, huziunganisha kuwa moja, na neno linanenepa na kuwa wazi zaidi. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Kwa msikilizaji aliyekaa katikati ya ukumbi wenu, mita 10 kutoka jukwaani, sauti ya ukuta wa ubavuni inamfikia ikiwa imechelewa sehemu 16 za elfu za sekunde. Hiyo ni zawadi, na wembamba wa kumbi za Boston na Vienna una siri hiyo hiyo. Ukipanua hadi mita 18 uchelewaji unakaribia mara mbili, na zawadi inapungua.

Kisa cha New York ningependa kisomwe kwenye kikao chenu. Mwaka 1962 ulifunguliwa pale ukumbi wa Philharmonic Hall, na mshauri wake wa sauti alikuwa Leo Beranek, mtu ambaye alikuwa ametoka kuchunguza kumbi zaidi ya hamsini duniani. Mpango wa awali ulikuwa wa sanduku jembamba, viti kama 2,400. Likaja shinikizo la kuongeza viti. Umbo likabadilishwa, kuta zikatanuliwa, viti vikapita 2,600. Ulipofunguliwa wanamuziki wakawa hawasikilizani jukwaani na sauti nzito zikapotea. Wakatengeneza na kutengeneza, mwisho mwaka 1976 ndani yote ikabomolewa ikajengwa upya, na bado haikutosha. Ulifunguliwa tena mwaka 2022 baada ya ukarabati mwingine mkubwa, na safari hii viti vilipunguzwa kwa zaidi ya 500. Miaka 60 ya kulipia tamaa ya viti.

Kama watu 300 ni lazima, fungueni milango ya ubavuni kuelekea uani, mtandike mikeka huko na spika ndogo mbili za chini. Mlango mpana ukiwa wazi ni dirisha la Sabine, kwa hiyo unapata nafasi na unapunguza mvumo kwa gharama ya mikeka. Roshani ya nyuma nayo inawezekana kwa dari ya mita 6, mradi kina chake kisizidi kimo cha uwazi ulio chini yake, la sivyo wanaokaa chini yake watakuwa kama wamo ndani ya kabati. Hilo la roshani msilianze bila mhandisi wa majengo kuja kuona.

Kuna mjumbe ambaye huenda ameona pia picha za Philharmonie ya Berlin, ya Hans Scharoun, ya mwaka 1963, ambapo watu wanaizunguka okestra kama shamba la mizabibu lenye ngazi. Umbo lile linavutia macho ya watu wa pwani kwa sababu ngoma zetu nyingi tunazitazama tukiwa duara. Kwa kirumbizi au goma uwanjani, sawa kabisa. Kwa mwimbaji mmoja ndani ya ukumbi, wale anaowapa kisogo wamepoteza nusu ya maneno. Liacheni.

Sasa mbao. Imani kwamba kuta za mbao huufanya ukumbi ulie kama fidla imeenea sana, hata miongoni mwa wasanifu. Sehemu kubwa ya kuta za ndani za Boston ni plasta. Ubao mwembamba uliopigiliwa juu ya fito hutetemeka na kunyonya sauti nzito, lakini sauti za kati na nyembamba, ambamo konsonanti nyingi zimo, huzirudisha karibu kama plasta. Mngetumia pesa nyingi na maneno yangebaki vile vile.

Lakini zidaka! Hapo wajumbe wamegusa jambo. Zile nafasi za masanamu 16 juu ya roshani za Boston, pamoja na dari yenye mashimo ya mraba, huivunja sauti na kuitawanya isirudi kama kofi moja. Vienna kazi hiyo inafanywa na nguzo za umbo la wanawake na nakshi za dhahabu. Na Lamu tulikuwa nayo zamani. Ingia nyumba yoyote ya kale ya mawe ambayo ukuta wake wa ndani una safu za zidaka za chokaa, upige kofi. Kisha nenda katika chumba kipya cha saruji chenye ukuta mtupu wa ukubwa ule ule, upige tena. Katika kile kipya utasikia mtetemo wa haraka, trrr, sauti ikipigwa kama mpira kati ya kuta mbili zinazotazamana. Katika kile cha zamani hutausikia. Mafundi waliochonga zile zidaka walikuwa na sababu zao za pambo na za kuwekea vyombo vya kaure, na vyumba vile ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko zina urefu wake, lakini sikio lilifaidika pia. Kwa hiyo zidaka ninaziunga mkono: zipige kwenye kuta za ubavuni karibu na jukwaa, kina sentimita 15 hadi 20, ukubwa usilingane. Si lazima kuchimba ukuta. Makasha ya mbao yaliyofungwa vizuri yanatosha.

Zidaka hutawanya, hazinyonyi. Kazi ya kunyonya bado iko. Kufika mvumo wa 1.1 mnahitaji madirisha kama 210. Siku ya watu 200 mna 128. Mnadaiwa 80 hivi.

Trei za mayai haziwezi kulipa deni hilo. Karatasi yake ni nyembamba, inagusa kidogo sauti nyembamba tu, na inashika moto kama kibiriti. Zulia la ukutani nalo nitalisema kwa uchungu, kwa sababu mwanzoni mwa kazi yangu niliuvika ukumbi mmoja wa hapa pwani zulia kuta zote. Sauti nyembamba zilikufa, udi ukawa kama umefunikwa blanketi, na besi ikaendelea kunguruma kama kawaida. Wenyewe walinilipa kwa heshima, nami sijasahau. Sababu yake ni urefu wa wimbi. Sauti nyembamba ina wimbi la sentimita chache. Ile nzito ya besi ina wimbi la mita 3 na zaidi. Kitu chembamba kilichogandamizwa ukutani hakiwezi kulishika wimbi refu. Kinachohitajika ni unene na nafasi ya hewa nyuma yake.

Kwa hiyo tengenezeni fremu za mbao zenye mto wa nyuzi wa unene wa sentimita 5, ziache sentimita 5 za hewa kati ya mto na ukuta, na mbele zivikwe kitambaa kinachopitisha pumzi. Ukiweka mdomo ukashindwa kupuliza upande wa pili, kitambaa hicho hakifai. Kila mita ya mraba itafanya kazi ya dirisha kama 0.65 kwa sauti za usemi, hivyo mita 120 za mraba zitalipa deni. Zianzieni ukuta wa nyuma, mita kama 60, mkiacha milango. Hapo mnatibu mambo mawili kwa mpigo mmoja, kwa sababu ukuta huo ndio unaomrudishia mpiga dumbak pigo lake: mita 20 kwenda na 20 kurudi ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda wa kutosha sikio kulitambua kuwa pigo la pili. Mita 60 zilizobaki zigawanyeni kwenye nusu ya nyuma ya kuta za ubavuni, sehemu ya juu, mita 10 kwa 3 kila upande. Ukuta ulio nyuma ya jukwaa na dari viacheni vitupu, kwani ndivyo vinavyomsukumia mwimbaji sauti mbele.

Mto wa nini? Usumba wa nazi hufanya kazi vizuri na uko karibu. Tatizo ni moto, na katika ukumbi uliojaa watu hili si jambo dogo. Usumba lazima utiwe dawa ya kuzuia moto na mtu anayeijua kazi hiyo, na kitambaa pia. Pamba ya mawe au ya vioo, ile inayouzwa kwa kukinga joto la paa, haishiki moto kirahisi, na ni nyepesi kubeba kwa boti na punda. Lakini ni ghali zaidi, na vumbi lake linawasha, kwa hiyo mafundi wavae barakoa na mto ufungwe vizuri kabla ya kitambaa. Mkiniuliza mimi, kama michango inaruhusu, chukueni hiyo. Sufi ya mti msiiguse, inawaka mno.

Sauti nzito haitatibiwa na fremu hizi, nisiwadanganye. Bahati yenu ni kwamba dari ya jipsamu iliyoning'inizwa hunyonya kiasi chake, na madirisha mkiyafungua wakati wa mazoezi yanatoa besi nje. Mtasikia punda na jenereta za jirani. Kumbi za kaskazini hujifungia kabisa. Ule wa Hamburg uliofunguliwa mwaka 2017 umebebwa juu ya springi 362 ili honi za meli zisiingie. Sisi tunahitaji upepo wa kusi, na punda mmoja hajawahi kuharibu taarab.

Spika zile kubwa zipunguzeni sauti, zishusheni, mzielekeze kwenye nyuso za watu badala ya kuta.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Kabla ya kuning'iniza chochote kizito, au kama bado mnafikiria ukuta na roshani, mhandisi wa majengo aje aone kwa macho. Moto na milango ya dharura vikaguliwe na anayehusika katika kaunti. Na ingawa umesema mko pembezoni, hakikisheni kwa Makumbusho ya Taifa pale Lamu kama mmo ndani ya eneo la urithi wa dunia au mpakani mwake, kwa kuwa Mji Mkongwe umesajiliwa UNESCO tangu 2001 na ukarabati una taratibu zake. Kama baada ya fremu mvumo wa besi bado unawasumbua, hapo ndipo mtafute mtu wa sauti mwenye vifaa vya kupimia. Msimlipe mapema.

Nanyi msitundike fremu zote siku moja. Anzeni na ukuta wa nyuma. Usiku wa kwanza, na usiku wa mwisho, fanyeni jaribio moja: mtunzi wenu aje na shairi jipya ambalo hakuna aliyelisikia, beti tano, aliimbe mara moja jukwaani bila kipaza sauti. Watu wanne wakae safu ya nyuma na kalamu, kila mmoja aandike alichokisikia. Hesabuni vina walivyopata sawa, kisha niandikie idadi zote mbili.